Fundi Anayeuliza Mashine Imefika Wapi

Seva ikipandishwa toleo la mfumo endeshi, ikazimwa na kuwashwa, kisha ikagoma kuwaka, ndipo fundi anapojulikana. Wanaojua amri ni wengi. Lakini mbele ya skrini nyeusi iliyoganda, amri hazina kazi, kwa kuwa mashine haijafika mahali pa kupokea amri ya mtu yeyote. Kinachobaki ni macho ya kusoma, ufahamu wa namna mashine inavyoamka, na utulivu wa kutogusa kitu kabla ya kuelewa. Niliwahi kukaa kando ya fundi wa aina hiyo, mwanamke anayesimamia seva za chuo kimoja, usiku ambao matokeo ya mitihani na barua pepe za chuo kizima vilikuwa ndani ya mashine iliyogoma. Nataka kuieleza kazi aliyoifanya hatua kwa hatua, kwa sababu uzuri wake hauonekani kwa anayekuja asubuhi na kukuta mfumo umewaka.

Kwanza, namna kompyuta inavyoamka. Haiamki kwa mkupuo mmoja. Inaamka kwa kupokezana, kama wakimbiaji wa mbio za vijiti: kila mmoja ana kipande chake cha njia, na akishamkabidhi mwenzake kijiti, kazi yake imekwisha. Wa kwanza ni programu ya kudumu iliyomo kwenye chipu ya ubao mama. Inakagua kumbukumbu na vifaa, kisha inatafuta diski ya kuanzia. Kwenye mashine za zamani za BIOS, inasoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Kati ya hizo, 446 zimetengewa programu, 64 ni za jedwali la mgawanyo wa diski, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba diski hiyo inaweza kuwasha mashine. Baiti 446 hazitoshi kufanya jambo kubwa, hivyo kazi ya programu hiyo ni moja tu: kumwita anayefuata. Mashine mpya za UEFI zina nafasi zaidi. Hizo hufungua sehemu maalumu ya diski na kusoma humo faili zima.

Anayefuata, kwenye seva nyingi za Linux, ni GRUB. Huyu huonyesha orodha ya kerneli zilizomo, yaani viini vya mfumo endeshi, hupakia moja kwenye kumbukumbu, na pamoja nayo hupakia faili la pili ambalo jina lake huanza na initrd. Werevu mwingi umo katika faili hili. Kerneli inahitaji draiva ili iweze kuzungumza na diski, na draiva zenyewe zimehifadhiwa ndani ya diski hiyo hiyo. Waundaji walilifumbua fumbo hilo kwa kufungasha draiva za lazima na programu chache katika mfumo mdogo wa muda unaokaa kwenye kumbukumbu. Kerneli inaufungua, inachukua draiva, inaiona diski, na mfumo wa faili wa mzizi unafunguliwa. Hapo anaingia mkimbiaji wa mwisho, mchakato namba 1, ambao siku hizi kwenye mifumo mingi ni systemd. Huo ndio unaowasha mtandao, hifadhidata na huduma nyingine zote.

Fundi wetu ana njia hii yote kichwani. Mashine ikigoma, swali lake la kwanza ni hili: imefika wapi? Nani alikuwa wa mwisho kufanya kazi yake sawasawa, na kijiti kilidondoka mikononi mwa nani? Akishalijibu, sababu mia zinazowezekana hubaki tano au sita. Asipolijibu, atabahatisha, na kila anapobahatisha atabadilisha kitu, mpaka asijue tena lipi lilikuwa kosa la mwanzo na lipi amelitengeneza mwenyewe.

Seva ya chuo ilikuwa ikitoka Debian 12 kwenda Debian 13, toleo lililotolewa Agosti 2025. Mashine iliwaka, ikaonyesha orodha ya GRUB, ikapakia kerneli mpya, maandishi yakapita kwa kasi, kisha yakasimama. Karibu na chini kulikuwa na maneno ambayo kila msimamizi wa Unix anayajua: kernel panic.

Maneno hayo yana historia. Tom Van Vleck, mmoja wa wahandisi wa mfumo wa Multics, amesimulia kwamba aliwahi kumweleza Dennis Ritchie wa Unix jinsi sehemu kubwa ya programu aliyokuwa akiiandika ilivyohusu kujinasua kutoka kwenye makosa. Ritchie akamjibu kwamba wao wa Unix wameyaacha yote hayo. Kosa kubwa likitokea, sehemu moja ya mfumo, yenye jina la panic, inaitwa, mashine inasimama, na mtu anapaza sauti ukumbini ili iwashwe upya. Usahili huo ulirithiwa na Linux, na una busara ndani yake. Kerneli isiyojua ilipo heri isimame kuliko kuendelea kuandika juu ya data za watu. Hivyo skrini ile iliyoganda inamlinda mwenye seva, na maandishi yaliyobaki juu yake ni maelezo ya mwisho ya mashine kuhusu kilichoisibu.

Asiyezoea husoma mstari wa chini kabisa, kwa kuwa ndio ulio mbele ya macho yake. Fundi alisoma akipanda juu. Aliipita orodha ndefu ya majina ya vipande vya kerneli vilivyokuwa kazini wakati wa kusimama, akafika kwenye mstari unaosema kwamba mfumo wa faili wa mzizi umeshindwa kufunguliwa. Mwisho wa mstari ule kuna mabano, na ndani ya mabano namba mbili: sifuri, sifuri.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kiasi cha ujuzi kinachoweza kukaa katika namba mbili. Kwenye Linux kila kifaa cha kuhifadhi data kinatambulishwa kwa namba mbili. Ya kwanza inaeleza ni kifaa cha jamii gani na kinashughulikiwa na draiva ipi, ya pili inaeleza ni kipi katika jamii hiyo. Diski za kawaida za SATA na SCSI hubeba namba 8, na 8,1 ni sehemu ya kwanza ya diski ya kwanza. Mabano yangekuwa na 8,1, maana yake ingekuwa kwamba kerneli imeiona diski lakini imeshindwa kusoma kilichomo. Angeanza kushuku mfumo wa faili ulioharibika, au draiva ya mfumo huo wa faili iliyokosekana. Sifuri mbili zinasema jambo jingine: kerneli haikuiona diski iliyoambiwa iitafute. Akapanda mistari michache zaidi. Kabla ya kusimama, kerneli huorodhesha diski na sehemu zote inazoziona, ili fundi aweze kuirekebishia anwani. Orodha ile ilikuwa tupu. Vidokezo viwili vikawa vinasema neno moja.

Alichukua simu akaipiga picha skrini kabla ya kugusa kibodi, kwa maana mashine ikizimwa maandishi yale yanapotea. Kerneli ilikuwa haijaifikia diski, hivyo hayakuandikwa popote pengine.

Kijana mmoja aliyekuwa chuoni hapo kwa mafunzo ya vitendo alimuuliza, "Dada, kwa nini tusisakinishe upya? Si nakala tunazo?"

"Nakala tunazo. Ila tukifuta sasa hatutajua kilichotokea, na kikitokea kwenye seva nyingine tutafuta tena."

Mkuu wa idara naye akapiga simu kuuliza itachukua muda gani. "Bado siwezi kukwambia, Mkuu," akamjibu. "Ngoja kwanza nijue imefika wapi, nitakupigia." Nililipenda jibu lile. Mwingine angetaja saa mbili ili amtulize mkubwa, na saa hizo mbili zingemkimbiza hadi afanye pupa. Yeye aliahidi kile alichoweza kukitimiza, kisha akakitimiza.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa dogo. Debian haifuti kerneli ya zamani mara tu mpya inapoingia. Inaiacha kwenye orodha ya GRUB kwa ajili ya siku kama ile. Akaiwasha seva upya, akaingia kwenye orodha, akaichagua kerneli ya zamani. Kabla ya kuiruhusu iende, alibonyeza herufi e na kuondoa neno linaloiamuru kerneli ikae kimya, ili kila hatua ionekane kwenye skrini. Badiliko hilo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, haliandikwi kwenye diski. Kerneli ya zamani ikaamka, ikaiona diski, na seva ikafika mpaka mahali pa kuandika jina na nywila.

Kijana alishangilia. Fundi alichukua kalamu. Kwake yeye, mashine kuwaka kwa kerneli ya zamani ilikuwa jibu la swali lake: diski ni nzima, waya ni mzima, mfumo wa faili ni mzima, mipangilio ya ubao mama haina neno. Tofauti iko kati ya kerneli mbili, au kati ya mafaili mawili ya initrd yanayoandamana nazo. Kwa jaribio moja lisilo na hatari alikuwa ameziondoa sababu nyingi zaidi ya zilizobaki, na alizibakiza zile tu alizoweza kuzikagua akiwa ameketi.

Akafungua folda ya /boot. Kerneli mpya ilikuwepo. Faili lake la initrd halikuwepo. Akaangalia nafasi ya sehemu hiyo ya diski: imejaa kwa asilimia 100. Kisha akafungua kumbukumbu ambayo Debian huiweka ya kila kilichoonekana kwenye skrini wakati wa usakinishaji, na humo, katikati ya mistari isiyohesabika, ukawepo mmoja unaosema kwamba hakuna nafasi ya kuandika. Mashine ilikuwa imesema, ila ilisema katikati ya makelele.

Mlolongo wote ukafunguka. Sehemu ya /boot ilikatwa miaka mingi nyuma, ikapewa ukubwa usiofika megabaiti 250, ambao wakati huo ulitosha. Kerneli na draiva zake zimezidi kunenepa toleo hadi toleo. Maelezo rasmi ya Debian 13 yanashauri /boot iwe na angalau megabaiti 768, na karibu 300 kati yake ziwe wazi kabla ya kupandisha toleo. Hapa kerneli mpya iliingia, initrd yake ikakosa pa kuandikwa, na usakinishaji wa kerneli ukakatika njiani. Baadaye katika kazi hiyo hiyo GRUB yenyewe ikasasishwa, ikaipanga upya orodha yake, ikaikuta kerneli mpya na kuiweka juu kabisa. Wakati wa kuwaka, GRUB ikaipakia kerneli peke yake. Kerneli ikaamka bila draiva, ikatafuta diski, isiione, ikasimama. Kila programu ilifanya ilichoagizwa, na matokeo yake yakawa seva iliyokufa. Mtu anayetafuta mkosaji mmoja asingemwona. Ilihitajika akili inayofuata kijiti.

Urekebishaji wenyewe ulikuwa mfupi. Aliorodhesha kerneli zilizosakinishwa, akaziondoa zile za zamani zisizotumika, na akaihakiki mara ya pili ile inayoendesha mashine wakati huo ili asije akaifuta. Akaumalizia usakinishaji uliokatika, akaitengeneza initrd upya, akaisasisha orodha ya GRUB. Wengi wangewasha upya papo hapo. Yeye alifungua orodha ya vilivyomo ndani ya initrd mpya, akaitafuta humo kwa jina draiva ya kidhibiti cha diski cha seva ile, akaiona. Akalinganisha ukubwa wa faili na lile la zamani. Akasoma mipangilio ya GRUB kuhakikisha kwamba sasa kerneli mpya imeandikiwa initrd yake. Hapo namvulia kofia: alijua jibu kabla ya kuiuliza mashine, na kuwasha upya kukawa uthibitisho.

Seva iliamka. Akaiwasha tena kwa mara nyingine, safari hii mikono ikiwa mbali na kibodi, kwa sababu seva ya chuo lazima iweze kuamka yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi saa tisa usiku, hakuna mtu wa kuichagulia kerneli. Baada ya hapo akampigia Mkuu, akaandika daftarini kilichotokea, sababu yake, alichofanya, na kilichobaki: kuipanua sehemu ya /boot, na kukagua seva nyingine zenye mgawanyo kama huo.

Ustadi huu haufungwi na kisa kimoja, kwa kuwa kijiti kinaweza kudondoka popote. Mwaka 2007 toleo la Fedora 7 lilibadilisha namna Linux inavyozishughulikia diski za IDE, na diski iliyoitwa hda ikaanza kuitwa sda. Mashine zilizoandikiwa jina la zamani kwenye mipangilio yao zikawa zinatafuta diski isiyokuwepo tena kwa jina hilo, ingawa diski yenyewe ilikuwa palepale. Mafundi walijifunza kutegemea namba za utambulisho za mifumo ya faili, ambazo hazibadiliki hata diski ikihamishiwa kwenye waya mwingine, na leo ndivyo mifumo mingi inavyojisakinisha.

Mwishoni mwa Julai 2020 kijiti kilidondoka mapema zaidi. Udhaifu wa kiusalama uliopewa jina la BootHole uligunduliwa ndani ya GRUB, marekebisho yakatolewa haraka, na baadhi ya mashine za Red Hat Enterprise Linux na CentOS zilizoyapokea zikashindwa kuwaka. Safari hii hakukuwa na kerneli ya zamani ya kuchagua, kwa sababu mashine hazikuifikia orodha yenyewe. Aliyeuliza imefika wapi alijua mara moja kwamba lazima aingie kwa mlango mwingine: awashe kwa diski ya USB, aifungue diski ya seva kutoka nje, aingie ndani yake kana kwamba imewaka, kisha arudishe vifurushi vya awali. Amri za kufanya hivyo ni chache na ziko katika kila kitabu cha usimamizi wa Linux. Kujua kwamba saa yake imefika ndiko kunakomtambulisha fundi.

Kuna nyakati ambapo kila kitu kimepangwa vizuri na kosa limo ndani ya kerneli yenyewe. Toleo moja la kerneli ya Linux hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000 kutoka kwa waandishi wengi duniani. Nani ataweza kuyasoma yote? Hakuna anayehitaji. Programu ya git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, ina njia ya kugawanya nusu kwa nusu. Fundi anajaribu kerneli iliyo katikati ya ile nzima na ile mbovu. Ikiwaka, kosa limo katika nusu ya baadaye. Ikigoma, limo katika nusu ya mwanzo. Nusu hiyo nayo anaigawa tena. Kwa majaribio 14 mabadiliko 16,000 hufikia moja, na mwandishi wake anaweza kuandikiwa barua yenye ushahidi. Kila jaribio ni kuijenga kerneli, kuiwasha, kutazama na kuandika. Ni kazi ya kuchosha, na wanaoifanya wamewaokoa watu wasiowajua kamwe.

Kazi hii hurithishwa kwa kukaa kando ya anayeijua. Tangu mwaka 2000 kundi la waendeshaji mitandao wa Afrika, AfNOG, limekuwa likiwakusanya wahandisi wa bara hili na kuwafundisha mitandao na usimamizi wa Unix kwa vitendo. Mikutano yake imefika Kampala, Nairobi, Kigali na Dar es Salaam. Ila zaidi ya darasa lolote, yule kijana wa mafunzo ya vitendo alipata elimu yake usiku ule alipoonyeshwa namna ya kusoma skrini akipanda juu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kijana aliuliza mengi. Fundi alimjibu yote, hata alipokuwa na haraka.

Kwa hiyo nina neno kwa pande mbili. Wakuu wa ofisi, vyuo na hospitali: msimamizi wa seva akikuombeni usiku mmoja wa matengenezo, mashine ya kujaribia, au diski kubwa zaidi, mpeni. Mnanunua utulivu wake, na utulivu huo ndio utakaoziokoa data zenu. Akisema bado hajui, mwacheni atafute, maana anayejua kila kitu dakika ya kwanza anabahatisha. Na wewe kijana unayeanza: kabla ya kupandisha toleo, soma maelezo ya toleo hilo mpaka mwisho, kagua nafasi ya /boot, hakikisha nakala zako zinafunguka, na usiifute kerneli inayofanya kazi. Mashine ikigoma, piga picha skrini, soma ukipanda juu, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike kila unachofanya.